Kuungana si Kunakiliana

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini mimi ningependa kuongeza kuwa vidole vikiwa vingi, kila kimoja sharti kifanye kazi yake.

Mpenzi msomaji, huenda umeiona ile picha ya shimo jeusi iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019. Ni pete ya rangi ya machungwa yenye giza katikati. Shimo lenyewe limo katika galaksi iitwayo M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55 hivi. Mwenzangu darasani alipoiona alicheka, akasema, "Hiyo si picha bwana, ni viraka tu! Imeungwaungwa." Mimi nasema ni picha, tena ya kweli, na sababu ninazo.

Kwanza, hakuna darubini moja duniani ambayo ingeliweza kuiona pete hiyo peke yake. Kwa hivyo Aprili 2017, darubini nane za redio zilipima kwa pamoja kutoka Chile, Hawaii, Arizona, Mexico, Uhispania na Ncha ya Kusini. Darubini hizo hazilingani. Ya Uhispania ina sahani ya upana wa mita 30, ya Ncha ya Kusini mita 10. Hii ya mwisho haikuweza hata kuiona M87 kutoka kule iliko, lakini ilipima kitu kingine kilichosaidia kukagua vipimo vya wenzake. Kila kituo kilikuwa na saa ya atomiki, ili ijulikane hasa kila wimbi lilifika saa ngapi. Diski zilijaa zikawa nyingi mno, ikabidi zisafirishwe kwa ndege hadi Marekani na Ujerumani ili vipimo viunganishwe kwa kompyuta.

Pili, na hili ndilo la maana, wataalamu waligawanyika katika makundi manne, kila kundi likatengeneza picha yake bila kuchungulia ya wengine. Walipokutana, wote walikuwa na pete! Ni kweli rangi ilichaguliwa na watu, kwani mawimbi ya redio hayaonekani kwa macho. Lakini pete haikuchaguliwa na mtu.

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Muhula uliopita tulipima pendulamu katika maabara. Uzi ulitakiwa uwe sentimita 50. Makundi mengine yalipata sekunde 28.4 kwa mizunguko 20, sisi tukapata 30.6. Tulifanya nini? Tulifuta haraka, tukaandika 28.4 kama wenzetu. Ati tusichekwe! Baadaye tulipopima uzi tena tulikuta ni sentimita 58. Kumbe kipimo chetu hakikuwa kibaya, kilikuwa cha uzi mwingine tu. Tungalikiacha, kingalikuwa nukta nzuri kwenye grafu ya darasa. Tulipokifuta, darasa zima lilipoteza, na mimi nilikuwa ndiye niliyeshika kifutio.

Kwa maoni yangu, huo ndio uongo, wala si ile picha ya viraka. Vipimo vya watu wengi vikiunganishwa huona mbali, bora kila mmoja alete chake na aseme alikipataje. Tukinakiliana, hata tukiwa arobaini, ni jicho moja tu.

Wanafunzi wenzangu, penye wengi hapaharibiki neno, lakini ni pale tu kila mtu anaposema aliloliona. Tuviache vifutio mifukoni.