Pembe za Mombasa na mtoto wako barabarani

Hata mzazi wa Sanje ambaye hajafika Mombasa huenda anazijua zile pembe za ndovu. Ziko kwenye kalenda na kwenye picha za simu. Ni pembe kubwa za alumini zilizopinda juu ya Barabara ya Moi, na ukizitazama kwa mbali zinafanya herufi M. Zilisimamishwa miaka ya 1950, enzi za mkoloni, kupamba njia kwa heshima ya familia ya kifalme ya Uingereza. Enzi hizo zimepita, pembe zimebaki, na leo watu wanaelekezana kwazo. Dar es Salaam wana Sanamu ya Askari tangu 1927, Arusha wana Mnara wa Saa.

Mtoto naye anahitaji alama. Wa miaka mitano hakutajii jina la barabara, lakini atakwambia "pale kwenye mwembe" au "kwenye mashine ya kusaga".

Kwetu jambo hili ni zito. Barabara ya Kidatu–Ifakara sasa ni ya lami, na magari na bodaboda zinakimbia. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mtoto mdogo bado hawezi kukadiria kasi ya gari wala umbali wake, na kwa ufupi wake dereva hamwoni akichomoza nyuma ya gari lililoegeshwa.

Mzazi, tembea naye njia ya shule mchague alama tatu.

Ya kwanza ni ya kusimama, na iwe upande mliopo, kwa sababu mtoto hukimbilia anachokitazama. Hapo aangalie kulia, kushoto, kisha kulia tena. Magari yetu hupita kushoto, hivyo la kwanza kumfikia hutokea kulia.

Ya pili iko ng'ambo. Aiendee akitembea moja kwa moja, na ndala ikivuka asirudi kuiokota.

Ya tatu ni ya kukusubiri mkipotezana siku ya gulio. Isiwe bodaboda wala meza ya matunda, maana hivyo huhama.

Asiyeweza bado kufuata haya avushwe kwa kushikwa mkono na mtu mzima, si na kaka yake wa darasa la pili.