Mwaka Upi Tuandike? Riwaya Kongwe katika Marejeleo Yetu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Zombe, mashariki ya Kitui, nikiisahihisha rasimu ya tasnifu yangu. Mhadhiri wangu alikuwa ameizungushia wino mwekundu ingizo moja la marejeleo: "Robert, Shaaban (1991). Kusadikika." Pembeni aliuliza: "Marehemu huyu aliandika akiwa wapi?" Nilicheka, kisha nikaona haya. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962.

Laiti kosa lingeishia kwenye orodha! Kwa kuuamini mwaka 1991, nilikuwa nimejaza ukurasa mzima nikidai kwamba riwaya hiyo inawasuta viongozi wa Afrika huru. Ilhali Kusadikika ilitoka mara ya kwanza mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, miaka 10 kabla ya uhuru. Karama anaposhtakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria, ujasiri wa mtunzi hupimwa kwa wakati huo. Mwaka ukipotoshwa, uhakiki nao hupotoka.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi sharti ataje nakala aliyoisoma, kwa kuwa kurasa hutofautiana kati ya chapa na chapa. Hoja hiyo ina mashiko. Anayenukuu ukurasa wa nakala ya Mkuki na Nyota ya mwaka 1991, kisha akaandika 1951 peke yake, humpoteza msomaji anayetaka kuthibitisha. Kwa hivyo napendekeza tuandike miaka yote miwili: "Robert, S. (1951/1991)", kisha jina la mchapishaji wa nakala iliyosomwa. Mwaka wa kwanza ni wa historia ya kazi, wa pili ni wa kurasa tulizozifungua.

Hata hivyo, tusidhani kwamba mwaka wa chapa ya kwanza hutatua kila jambo. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, mwandishi akiwa kaburini kwa miaka 5. Hapo hatuna budi kueleza katika matini kwamba utunzi ulitangulia uchapishaji.

Nina ombi pia kwa wahadhiri wetu. Nakala niliyoisoma nikiwa kidato cha tatu ilikuwa imepita mikono mingi hata ikapoteza jalada na kurasa za mwanzo. Mwanafunzi aliyepata nakala ya aina hiyo asikatwe alama tu. Aelekezwe kwenye katalogi ya maktaba, afundishwe kutofautisha chapa na toleo. Idara nazo zikubaliane juu ya mwongozo mmoja, ili anachosifiwa mwanafunzi katika darasa hili asiadhibiwe kwacho katika darasa la pili.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mwaka wa kuzaliwa wa riwaya ni sehemu ya asili yake. Tusiuache.