Misa ya Wafu Ndani ya Ngome

Ndugu msomaji, kama umewahi kuimba kwaya, waijua taabu ya kujifunza wimbo bila karatasi: mwalimu hutoa sauti, nanyi mwaifuata, mwakosea, mwaanza upya. Basi fikiri kwamba wimbo wenyewe ni Misa ya Wafu ya Giuseppe Verdi, iliyoimbwa mara ya kwanza mjini Milan mwaka 1874 kwa kumkumbuka mwandishi Alessandro Manzoni. Ni kazi ya karibu saa moja na nusu, kwa Kilatini. Na fikiri kwamba mwaifundishwa usiku, katika chumba cha chini ya ardhi chenye baridi, baada ya kushinda katika kazi za kulazimishwa, na matumbo ni matupu.

Hayo yalitendeka Terezín, mji wa ngome ulio kaskazini ya Prague, ambako Wanazi waliwafunga Wayahudi wapatao 140,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mfungwa mmoja, Rafael Schächter, alikuwa na kitabu kimoja tu cha noti. Kwa hicho kimoja aliwafundisha watu 150 hivi, wakaishika Misa nzima kwa moyo. Okestra haikuwapo, palikuwa na piano.

Wazee wa Kiyahudi hawakupendezwa. Yawaje Wayahudi waimbe ibada ya Wakatoliki, tena mahali kama pale? Si swali la kudharauliwa, nami sithubutu kuwalaumu. Lakini Misa hiyo husimulia siku ya hukumu, ambapo mwenye nguvu naye husimamishwa mbele ya hakimu. Schächter alitaka hilo liimbwe.

Wakaliimba mwaka 1943. Punde treni zikawachukua wengi wao kwenda Auschwitz. Akakusanya wengine, akafundisha tena, nao wakachukuliwa. Akaanza mara ya tatu, na watu 60 hivi.

Misa iliimbwa mara 16. Juni 1944 ujumbe wa Msalaba Mwekundu uliletwa Terezín, mji umepakwa rangi na kupandwa maua kwa ajili ya wageni. Siku hizo Misa iliimbwa kwa mara ya mwisho, na maofisa wa Kinazi walikaa wakiwasikiliza wafungwa wao wakiimba habari za hukumu. Taarifa ya ujumbe, ole wetu, ilikuwa ya kuridhika.

Oktoba mwaka huo Schächter naye alipakiwa katika treni ya Auschwitz. Hakurudi. Mwanakwaya mmoja aliyenusurika, ambaye walikuwa wakilala chumba kimoja, alimpa mwanawe jina la Rafael.