Kona Moja Tu, Msimu Umeisha: Nani Hulipia Raida Wa Mtaani Akianguka?

Kama wewe ni msee wa nduthi, hii stori ni yako. Kama si wewe, basi kuna beshte yako, ama yule jirani huamsha ploti nzima Jumapili asubuhi akipasha mashine moto. Mtumie hii kitu asome kabla msimu uanze.

Tuanze na wakubwa. Tarehe 28 Septemba 2025, Marc Márquez alichukua taji la MotoGP huko Motegi, Japani. Alikuwa amelingoja tangu 2019. Watu walilia, yeye mwenyewe akalia. Wiki moja baadaye, 5 Oktoba, huko Mandalika, Indonesia, mzunguko wa kwanza haujaisha, Marco Bezzecchi akamgonga kwa nyuma na wote wawili wakaenda kwa changarawe. Bega la kulia likaumia, akapasuliwa Madrid, na msimu wake ukafungwa hapo. Mbio zilizobaki hakushiriki hata moja.

Inauma, sikatai. Lakini cheki vizuri: taji lilikuwa tayari kabatini. Madaktari walikuwa wanamngoja. Ducati ikatafuta mtu wa kukalia mashine yake na maisha yakasonga. Hakuna mahali Márquez aliulizwa, "Buda, deposit uko nayo?"

Sasa shuka na mimi hadi mtaani.

Kuna chali tumekua naye Eastlands. Jina nitaliacha, ameshachekwa vya kutosha. Ni fundi wa nduthi. Jumatatu hadi Ijumaa anafungua injini za boda, wikendi anapakia bike yake kwa pikapu ya kukodi anaenda motocross. Hiyo bike aliinunua ikiwa imechoka mbaya, akaifufua spea moja baada ya nyingine. Sponsa hana. Sponsa wake ni kabureta za wenyewe.

Mwaka jana alikuwa moto. Zikiwa zimebaki raundi tatu, alikuwa nambari tatu kwa pointi katika klasi yake. Sisi wa base tulikuwa tushaanza kupanga sherehe. Halafu Jumapili moja akaruka tuta akiwa na spidi kidogo kuliko alivyohitaji. Badala ya kutua kwa mteremko, tairi ya mbele ikagonga ukingo. Bike ikasimama, yeye akaendelea. Akapita juu ya usukani na kutua na bega.

Mtulinga, ule mfupa uko kati ya shingo na bega, ukavunjika vipande vitatu. Kifundo cha mkono pia kikaenda. Nilikuwa hapo. Kitu nakumbuka zaidi si ile sauti. Ni vile alikaa chini kwa vumbi akiuliza kama bike iko sawa.

Mbona huwa ni mtulinga? Kwa sababu ukianguka, mwili hutaka kujishika. Unanyoosha mkono ama unaingia na bega, na ule mshtuko wote unapanda hadi kwa huo mfupa mwembamba. Kwa mbio za lami kuna kuanguka kwa aina mbili. Ya kwanza, tairi zinateleza na unalala upande wa ndani wa kona. Hiyo mara nyingi unaamka, unajipangusa. Ya pili ndio noma: tairi ya nyuma inateleza, halafu inashika lami tena ghafla, na mashine inakurusha juu ka jiwe la feya. Ndio maana tangu 2018 kila raida wa MotoGP lazima avae suti iko na mfuko wa hewa, inajaa kabla hajagusa chini. Kwa motocross hatari iko na sura nyingine: ukianguka nyuma ya tuta, anayefuata hakuoni. Anategemea yule msee wa bendera ya njano. Huyo marshal akiwa kwa simu, umeisha.

Turudi kwa beshte yangu. Maumivu ilikuwa rahisi. Hesabu ndio ilikuwa ngumu.

Kwanza, hosi. Kuwekewa chuma na skrubu kwa mtulinga si pesa ya soda. Alikuwa ameingia SHA, lakini kitita cha malipo na bili halisi ni vitu viwili tofauti, na ile tofauti ilikuwa juu yake. Pili, bima. Alikuwa ameweka ka bima kadogo kupitia chama, akidhani amejipanga. Kuangalia zile karatasi, mashindano ya pikipiki yako kwa orodha ya vitu hawalipi. Na hiyo si bima yake pekee, ni bima mob sana. Tatu, na hii ndio watu husahau: mkono ulioumia ndio mkono humlisha. Fundi wa mkono mmoja hafungui injini. Wiki kumi bila kazi, rent iko palepale, na ako na mtoi.

Kwa hivyo tukafanya kile Wakenya hufanya. Grupu ya WhatsApp, picha yake akiwa kitandani, namba ya M-Pesa, na mathe wake akipigia watu wa kanisa simu. Pesa ilipatikana, asanteni wote. Lakini manze, huo si mpango. Hiyo ni bahati. Wangapi wameanguka na hawana grupu?

Hapa ndio kuna tofauti kati ya raida wa kulipwa na raida wa mtaani. Wa kulipwa akivunjika, mtu mwingine hulipa. Wa mtaani hulipa mara mbili: analipa ndio ashindane, halafu analipa kwa sababu alishindana.

Na bado kuna shimo la tatu, nalo huletwa na kichwa chako mwenyewe.

Wiki ya nne, beshte yangu akaniambia anataka kurudi raundi ya mwisho. Akahesabu pointi, bado angeweza kumaliza ndani ya tano bora. Akaniletea mfano wa Jorge Lorenzo. 2013, Assen, Uholanzi, Lorenzo alivunjika mtulinga Alhamisi, akapanda ndege hadi Barcelona, akawekewa chuma usiku, na Jumamosi akarudi kushindana. Akamaliza wa tano. Dunia nzima ikampigia makofi.

Nikamwambia hadithi iko na sehemu ya pili. Kwa mbio iliyofuata, Sachsenring, Ujerumani, Lorenzo alianguka tena na kupinda ile chuma. Ikabidi amepasuliwa upya.

Halafu nikampa ya Márquez mwenyewe. Julai 2020, Jerez, Uhispania, alivunjika mkono wa kulia, mfupa wa juu. Jumapili alianguka, Jumanne akapasuliwa, Jumamosi hiyo hiyo akawa juu ya mashine tena. Alijaribu, akashindwa, akajiondoa. Siku chache baadaye ile chuma ikavunjika akiwa nyumbani, na Agosti akarudi kwa kisu. Desemba, opareshoni ya tatu. Msimu wote ukaenda. Juni 2022, ya nne, sasa huko Marekani. Hesabu mwenyewe: kutoka taji la 2019 hadi la 2025 ni miaka sita. Sisemi ni ile Jumamosi moja ilimla miaka sita, kulikuwa na mengine mengi. Lakini muulize mtu yeyote anayefuata huo mchezo, atakwambia ile haraka ilimgharimu.

Sasa huyo ni msee ako na madaktari wa dunia nzima kwa simu. Wewe uko na eks-rei moja kwa bahasha ya kaki na painkila za chemisti. Mnafanana wapi?

Alinuna siku mbili. Si mimi nilimshawishi, nisijipe sifa. Mtoto wake alitaka kubebwa na akashindwa kumwinua. Hapo ndio akaweka helmeti juu ya kabati.

So, tufanye nini? Kuambia vijana waache mbio haitafanya kazi. Ukifunga trak, watashindana bypass usiku, na huko hakuna bendera, hakuna daktari, kuna malori. Trak ni bora mara mia. Lakini trak lazima ijiheshimu.

Cheki hii. 2013, Motegi, tizi ya Ijumaa ya MotoGP ilifutwa kabisa kwa sababu helikopta ya hosi haingeweza kuruka, ukungu ulikuwa mwingi. Nyota wote walikuwa hapo, kamera ziko, na bado wakaambiwa hakuna kitu itaendelea. Sheria ni rahisi: msaada haupo, mbio haipo. Sisi hatuhitaji helikopta. Tunahitaji ambulensi iko na watu wa kazi, imeegeshwa na njia yake iko wazi, kabla injini ya kwanza iwake. Ikiondoka na majeruhi, mbio isimame hadi ije nyingine. Wewe kama umelipa kuingia, uko na haki ya kuuliza iko wapi. Usipoiona, panda bike yako kwa pikapu urudi home.

Na kwa upande wako, fanya vitu tatu kabla raundi ya kwanza. Soma bima yako hadi ile sehemu ya maandishi madogo, uliza kwa mdomo kama inalipa mashindano, na wakisema ndio, waandike. Anzeni chama ya maraida, kila mmoja aweke kitu kidogo kila raundi, ili mtu akianguka pesa iko tayari. Na muamue mapema nani atakwambia "bado hujapona." Asiwe wewe, na asiwe mtu anayetaka uende podiamu.

Beshte yangu amerudi kazini. Bega halipandi juu kama zamani na baridi ya Julai inamsumbua. Bike bado iko, ameitandikia gunia. Ameshapanga msimu ujao, na mara hii mchango unaanza Januari. Ile grupu yetu ya WhatsApp tulikataa kuifuta. Tuliibadilisha jina tu, sai tuko watu kumi na wanne.