Mjusi hulipa akiwa hai, kima akiwa nyama
Miongoni mwa wanyama wa Indonesia walio hatarini kutoweka wamo hawa wawili. Mjusi mkubwa wa Komodo, anayefikia mita 3, ana hifadhi ya taifa tangu mwaka 1980, na watalii hulipa kwenda kumtazama. Kima mweusi wa Sulawesi yumo hatarini zaidi. Naye ana hifadhi, Tangkoko, lakini nyama yake bado huuzwa na kuliwa kwenye sherehe.

Sheria inawalinda wote wawili. Kinachowatenganisha ni soko. Wafanyabiashara wa mipakani mnajua kwamba mzigo hausafiri bila mnunuzi, wala bila msafirishaji. Basi ukiombwa kuficha magamba ya kakakuona chini ya magunia ya mahindi, kataa. Nauli ya safari moja haitakurudishia lori likitaifishwa.