Usivilaumu Viazi

Mwandishi wa makala ya mapishi anadai viazi vya kuoka kwa rosmari huwa vichungu na vigumu, heri chipsi. Sikubali hata kidogo. Uchungu ni wa kitunguu saumu kilichotiwa mapema kwenye oveni ya nyuzi 220: kimeungua kabla kiazi hakijaiva. Kisage na rosmari, utie dakika 10 za mwisho.

Ugumu? Alivioka vibichi. Vichemshe kwanza kwa maji ya chumvi hadi kingo zilainike (viazi vya aina ya Shangi huiva upesi, usiondoke jikoni), vichuje, viache mvuke utoke, kisha vitikise sufuriani. Ule wanga uliochubuka ndio unaonyonya mafuta na kuwa ganda linalovunjika kwa mlio. Na asivibananishe kwenye trei, vitatoka rojorojo.