Mtoto akiagizwa manila, usimpe wembe

Mzazi, unaijua Jumapili jioni. Umeshapakua chakula, mtoto anakumbuka: kesho anatakiwa kupeleka shuleni saa ya manila. Maduka yamefungwa, mkasi hauonekani. Kilichopo ni wembe. Anapewa, anaambiwa awe mwangalifu, basi.

Wembe si kifaa cha mtoto. Hauna mpini, una makali pande mbili, na akiukandamiza kwenye karatasi ngumu vidole vyake vinakuwa juu ya makali. Darasani nako huazimana wembe mmoja kuchongea penseli. Ukimkata huyu kisha ukamkata yule, magonjwa ya damu kama homa ya ini aina ya B yanaweza kuambukizwa. Mnunulie kichongeo na mkasi wake.

Mkasi upi? Kwa mtoto mdogo, chagua wenye ncha za mviringo na matundu yanayomtosha vidole. Lakini ncha butu isiwe makali butu. Mkasi usiokata humfanya avute na kukandamiza, na hapo ndipo unapoteleza. Dukani, ujaribu kwa kipande cha karatasi kabla ya kulipa. Ukiona karatasi inakunjika katikati ya makali badala ya kukatika, urudishe.

Anayetumia mkono wa kushoto ana shida yake. Mikasi ya kawaida imetengenezwa kwa mkono wa kulia. Akiishika kwa kushoto makali huachana na karatasi hukunjika. Usimgombeze kwamba hajui kukata. Mtafutie mkasi wa mkono wa kushoto.

Mfundishe akiwa ameketi mezani. Dole gumba liwe juu, kiwiko karibu na ubavu, na karatasi ndiyo izungushwe, si mkasi. Aanze na mistari iliyonyooka, duara litafuata. Akimpa mwenzake, aufunge, ashike upande wa makali na kutanguliza mpini. Asitembee nao ukiwa wazi.

Boksi gumu kata wewe mwenyewe, kwa kisu cha karatasi chenye makali yanayorudi ndani. Tumia rula ya chuma. Ya plastiki huchongeka, na kisu kinaweza kuipanda hadi kwenye kidole. Pitisha kisu kwa wepesi mara tatu au nne, usilazimishe kukata mara moja. Ukimaliza, rudisha makali ndani hata kama unainuka kidogo tu kufungua mlango.

Akijikata, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka, kisha kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, mkono ukiwa juu. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Damu isipokoma, kidonda kikiwa kirefu kwenda ndani, au kidole kikifa ganzi au kushindwa kukunjika, mpeleke hospitali. Uliza pia kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

Na nyembe zilizochakaa? Zitie kwenye kopo lenye kifuniko, si kwenye mfuko wa taka. Mfuko huo kesho utabebwa na mtu kwa mikono mitupu, na huenda mtu huyo akawa mwanao.